Nusu ya Kofia

Ilianza kugonga Jumanne, baada ya alasiri:
tk, tk, kisha kimya, kisha tk,
kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani
akarudi mlangoni kukikumbuka.

Skrini ikawa nyeusi. Ndani yake
michoro mia mbili na kumi na moja ya kofia za vito,
kazi ya mama tangu vidole vyake havijapinda.
Mimi ndiye niliyeipiga picha, mmoja mmoja, usiku,
nikajisifu: sasa haipotei.
Makaratasi yenyewe yaliliwa na mchwa. Sikujali.

Jirani akasema itie kwenye friji, ndani ya mfuko wa maandazi.
Binamu akasema ipige kofi.
Nikaifunga kwa leso, nikaikumbatia,
nikapita vichochoro vya Langoni nikipishana na punda wa saruji
hadi kwa Famau, juu ya duka la misumari.

Famau aliifungua, akaitoa diski, akaiweka sikioni
kama anunuaye nazi.
"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze?"
Mbili, nikasema.
"Sema kweli."
Tisa.
"Basi mara tisa imejikuna uso.
Sindano imeangukia sahani, na kila ukiiamsha
inalima palepale penye kumbukumbu.
Tutainakili kwanza. Palipo pazima kabla ya palipo pabovu.
Mgonjwa huulizwa wasia angali anazungumza."

Siku tatu. Umeme ulikatika mara mbili,
akaunganisha betri ya boti.
Chumvi, alisema. Chumvi ya Amu haina haraka:
imekula bawaba, imekula redio ya babangu,
sasa inakula hata visivyoonekana.

Ijumaa faili zikarudi, bila majina.
Nilizoziita "mwezi na nyota",
"ya bwana harusi wa Matondoni",
"hii usiuze",
zimekuwa nambari tu,
kama watoto walioshushwa gatini usiku pasiwe na wa kuwapokea.
Na nyingi zimekatika katikati:
nusu mchoro, nusu kijivu,
kijivu cha bati lisilopakwa rangi.

Nilimpelekea mama nikiwa nimekwisha kupanga maneno ya radhi.
Akavaa miwani. Akatazama mpaka chai ikapoa.
"Ndoo na kile kioo changu cha wanja."
Akakisimamisha ukingoni, pale mchoro ulipokatika,
na kofia ikafunga duara.
Tundu likapata tundu lake, jani likapata jani.
"Kofia haina upande wa siri," akasema.
"Ukiwa na nusu, unayo."

Tukaenda hivyo hadi magharibi,
yeye na kioo, mimi na penseli.
Mia na arubaini. Mia na hamsini na nane.
Nyingine hazikurudi kabisa, tukazipita bila kuzitaja.

Kisha nambari iliyofuata haikuwa kofia.
Alikuwa Badi, kakangu, amesimama kizingitini,
mwaka ule kabla ya homa:
jicho moja, bega moja la kanzu,
kicheko kilichofika katikati ya mdomo,
halafu kijivu.

Mama aliinua kioo.
Akakisogeza, akakisogeza, mpaka karibu na pua.
Sikusema kitu. Sikupumua.
Akakilaza mezani, uso chini.
"Huyu hakuwa sawa pande mbili," akasema.
"Upande huu alikuwa akicheka.
Upande ule alikuwa akinisikiliza."

Famau alitaka elfu saba, akapokea elfu tano na kofia.
Diski mama hakukubali itupwe.
Inakaa juu ya kitambaa chake, karibu na dirisha,
ikizuia upepo usichukue mchoro.
Ni nzito kuliko udogo wake.
Jana nilirudi sokoni mapema,
nikamkuta ameiweka sikioni.